Safari za Jumamosi, Ulimi wa Jumatatu

Mjukuu wa dada yangu anafanya kazi hotelini kule Doha. Juzi kanipigia simu analalamika kwamba wikendi zinammaliza. Anashinda chumbani akihesabu nyufa za dari, na akitaka kutoka anaogopa mshahara utabaki mjini. "Bibi, wewe umekaa ugenini maisha yako yote, ulikuwa unafanyaje?" Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, maana kwenye simu ananikatiza. Basi na nyie wengine mnaofunga mabegi kwenda kutafuta riziki nchi za watu, sogeeni. Nitakayosema si ya Doha, ni ya Mbinga, lakini upweke wa Jumapili jioni unafanana kila mahali.

Mimi ni Muthoni, mtu wa Kirinyaga, Kenya. Nilikuja Mbinga kijana kabisa, kazi yangu kuonja kahawa. Cheka tu, wote hucheka. Vikundi vya wakulima vilikuwa vinaleta sampuli ofisini kwetu. Tunazikaanga kidogo, tunazisaga, tunazimwagia maji ya moto vikombeni, kisha mwonjaji anapita na kijiko. Anafyonza kwa kelele, anaizungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo, anasogea kwenye kikombe kinachofuata. Ladha ndiyo inaamua kahawa ya kikundi itauzwa peke yake kwa jina lake, au itamwagwa kwenye mchanganyiko wa jumla ambao hauna jina la mtu. Siku ya kwanza nilifyonza kimyakimya kwa adabu zote, na mwalimu wangu akaniuliza kama kuna mtoto amelala humu ndani.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Bakari, mtu wa Tanga, mwembamba, msafi, mwenye hasira fupi. Alinifundisha sheria moja kabla ya kunipa kijiko: kuanzia Ijumaa mchana ulimi si wako tena, ni wa vikombe vya Jumatatu. Hakuna pilipili, hakuna kitunguu kibichi wala saumu, hakuna manukato, na zaidi ya yote hakuna samaki, awe mbichi, mkavu au wa moshi. Yeye mwenyewe, mtoto wa baharini, hakuwa amemgusa samaki tangu aanze kazi. "Nimeshawasahau," alikuwa anasema. Lakini tukipita sokoni, mbele ya meza za samaki mzee alikuwa anatembea polepole kuliko kawaida.

Miezi ya kwanza niliishi kama huyo wa Doha. Jumamosi nafua nguo. Jumapili nafua zilezile. Mbinga ni baridi, mawingu yanakaa juu ya mabati, majirani wana ndugu zao na jumuiya zao, na mimi nina beseni. Siku moja nikasema liwalo na liwe, nikachukua begi nikaenda stendi kutafuta gari la kushuka ziwani.

Kulikuwa na mzee amekaa kwenye gogo. Nikamwuliza, "Gari la Mbamba Bay ni lipi?" Mzee akatazama mlima. Nikarudia swali kwa sauti zaidi, nikidhani masikio yamechoka. Akatazama mlima mwingine. Muuza ndizi mmoja akanivuta mkono. "Dada, mbona humwamkii?" Jamani, kwetu tunashikana mikono na maisha yanaendelea! Nikarudi nyuma, nikainama kidogo, "Shikamoo babu." Uso ukafunguka. "Marahaba mwanangu! Gari ni hili hapa, na limejaa, ila dereva ni mtoto wa mdogo wangu, atakupa nafasi mbele." Kumbe muda wote alikuwa anajua. Kwa hiyo kabla hamjauliza bei ya chochote ugenini, jifunzeni salamu za wenyeji. Hakuna nauli inayoshuka bila salamu.

Ndani ya gari mama mmoja akanishika goti. "Pole mwanangu. Umefiwa na nani?"

"Sijafiwa, mama."

"Unamfuata mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi harusi."

"Hapana mama, natembea tu. Nakwenda kuliona ziwa."

Abiria wa mbele wakageuka kunitazama. Mama akafikiri, akaniuliza kwa upole kabisa, "Ziwa limefanya nini?"

Mpaka leo nikilikumbuka swali lile nacheka peke yangu. Watu wa kule walikuwa wanasafiri kwa sababu ya mtu: msiba, ugonjwa, ndoa, au biashara. Mwanamke mgeni, lafudhi ya nje, peke yake, hana anayemfuata, halafu ni mpakani, ng'ambo ya maji ni Malawi na ukienda kusini ni Msumbiji. Wana haki ya kuuliza. Nikajifunza kusema ukweli uliokamilika: naitwa Muthoni, naonja kahawa Mbinga, nimesikia sifa za ziwa lenu, Jumatatu asubuhi niko kazini. Mtu akishajua kazi yako na siku yako ya kurudi, anatulia. Na nikifika kijijini, naanzia kwa mwenyekiti na paspoti yangu mkononi kabla hajatuma mtu kuniita. Mara nyingi ni yeye huyohuyo aliyenionyesha pa kulala.

Sasa, mnataka kujua nilipangaje. Ramani sikuwa nayo, nilikuwa na soko. Ijumaa nikitoka kazini napita kwenye mafungu nauliza: mama, hii asali imetoka wapi? Liparamba. Basi wiki ile safari ni Liparamba, kwenda kuona nyuki wa nani wanatengeneza kitu cheusi kitamu vile. Maharage yalinipeleka Ruanda, si nchi, ni kijiji cha hukohuko Mbinga, nikakuta wakulima wanalima kwa mashimo ya ngolo, mlima mzima umechimbwa vishimo vilivyopangwa vizuri ili mvua isiondoke na udongo, nikasimama pale mpaka mwenye shamba akanipa jembe, maana alishachoka kutazamwa. Mchele ulinipeleka Lituhi. Muuzaji wa sokoni anajua gari linaloleta mzigo wake, anajua linarudi lini tupu, na gari linalorudi tupu dereva wake ni mtu mpole sana. Mimi ni mdadisi, sifichi. Kitu kikinishinda kukielewa sipati usingizi. Udadisi ni rahisi kuliko starehe, na unakufikisha mbali kuliko starehe.

Mambo mengine ni madogo lakini yanaokoa. Begi moja, ambalo unaweza kutembea nalo kupanda mlima. Sukari na sabuni ya kipande kwa ajili ya nyumba itakayokupokea. Kurudi Jumapili asubuhi, usidanganyike na gari la jioni ambalo "lazima lije." Wakati wa masika msisogee popote bila kumuuliza mtu aliyepita njia hiyo siku hiyohiyo. Sasa kuna lami mpaka ziwani na vijana wanashuka kwa kuteleza tu, lakini barabara za pembeni bado ni zilezile.

Chakula nilibeba changu. Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi, maji. Kwa njia hiyo mfuko haukutoboka na ulimi ulibaki safi kwa ajili ya Mzee Bakari. Nilikaa chini ya ukuta wa shule au kanisa nikala peke yangu, nikajiona mjanja kweli. Samaki sikuwahi kuwafuata. Pua yangu iliwajua, ukifika ziwani utawakwepa wapi, lakini ulimi wangu haukuwajua kabisa. Kirinyaga samaki tulimwona kwenye kitabu cha darasa la pili.

Hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha.

Msimu mmoja kikundi cha akina mama wa Kingerikiti walianza kutuletea kahawa. Kiongozi wao aliitwa Devota, mwanamke mrefu, mcheshi, wa umri wangu, aliyekuwa ananitania kwamba Wakenya tunatembea kama tunadaiwa. Kahawa yao ilikuwa nzuri ajabu ikiingia mdomoni. Lakini ukishatema, nyuma ya ulimi kinabaki kitu. Si moshi, si ukungu, si uchachu wa kuozea. Nilikuwa naandika "nguo iliyonyeshewa kambani," nikafuta, nikaandika tena. Mzee Bakari alisema gunia bovu. Wakabadilisha magunia, kitu kikabaki. Akasema ghala. Wakahamisha ghala, kitu kikabaki. "Nakijua," alikuwa anasema huku akigonga kijiko mezani, "nakijua lakini hakina jina." Nikamwona kwa mara ya kwanza amefadhaika.

Kahawa yao ilishaanguka mara mbili. Ofisi ikasema Jumatatu ni mara ya mwisho msimu huu. Ikianguka, Kingerikiti yote inamwagwa kwenye mchanganyiko na kikundi kinaondolewa kwenye wanaouza kwa jina lao. Devota aliniambia nje ya ofisi, mara hii bila utani: "Muthoni, waume zetu walitucheka tulipoanza. Walisema wanawake watalima kahawa ya kunywesha mbuzi. Tukianguka Jumatatu, wengine hawataruhusiwa kurudi shambani mwakani." Alinishika mkono, halafu akaongeza, maana alijua tabia yangu: "Na ukishuka ziwani Jumamosi, mama yangu yuko pale, kijiji cha kusini ya Mbamba Bay. Bibi Skola. Msalimie."

Nikaitikia tu kwa adabu. Sikuwa na mpango wa kumtafuta mama wa mtu. Nilikwenda ziwani kupumzisha kichwa, peke yangu, na viazi vyangu.

Nikafika Mbamba Bay nikakuta mji umefurika. Askofu anakuja, kesho ni kipaimara! Vyumba vya wageni vimejaa, vya parokia vimejaa, hata madarasa yamejaa wasimamizi wa watoto. Mimi mpangaji hodari niliuliza habari za magari, za mvua, za soko, sikuuliza kalenda ya kanisa. Wekeni hilo kichwani: ugenini ulizieni sikukuu za watu kabla ya kuulizia kitanda. Nilizunguka mpaka miguu ikachoka, nikaona sina ujanja. Nikatembea kwa miguu kando ya maji mpaka kijiji kile, nikaulizia Bibi Skola.

Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, na sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele kuvuka maji. "Shikamoo bibi. Natoka Mbinga, namfahamu Devota." Sikumaliza. "Devota! Devota wangu! Ingia, ingia, mbona umesimama kama mkusanya ushuru?" Nikapewa maji ya kuoga, nikapewa kigoda, nikaulizwa habari za kila mtu niliyemjua na nisiyemjua. Halafu chakula kikaja. Ugali wa muhogo, na bakuli la usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wamekaushwa juani kisha wamekaangwa na nyanya na pilipili mpaka machozi yananitoka kabla sijaonja.

Nikafungua begi nikatoa viazi. Nikaanza kueleza: kazi yangu, ulimi, Jumatatu, sheria ya mzee wangu.

Bibi Skola akanisikiliza mpaka mwisho. Akavitazama viazi vyangu vya juzi. "Mwanangu," akasema taratibu, "nani alikuambia nyumbani kwangu kuna njaa?"

Loo! Nilijisikia vibaya. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema, "Bibi, ni kahawa ya Devota mwenyewe ninayotaka kuionja Jumatatu, nisije nikaikosea."

"Devota kala hawa tangu hajaota meno," akasema, "na ndiye aliyeilima hiyo kahawa. Wewe kula."

Jirani zake wawili walikuwa wamekaa pale mkekani wananisubiri, wameshanawa mikono, hakuna anayegusa mpaka mgeni aguse. Nikafikiri: nikila, ulimi wangu wa Jumatatu umekwisha, na Devota amebaki na Mzee Bakari peke yake ambaye ameshachoka na kahawa yao. Nisipokula, nimemtukana mama yake ndani ya nyumba yake. Nikakata tonge, nikachovya, nikala.

Pilipili ilinipiga kwanza. Kisha chumvi, kisha utamu fulani wa nyanya. Nikameza. Na baada ya kumeza, nyuma kabisa ya ulimi, kikabaki kitu.

Tonge la pili nililila nimefumba macho. Jirani mmoja akacheka, "Anasali!" Kumbe nilikuwa natafuta. La tatu nililila bila mchuzi, dagaa mkavu mtupu, nikamtafuna taratibu kama Mzee Bakari alivyonifundisha, nikasubiri. Kilikuwa ni chenyewe. Ile nguo iliyonyeshewa kambani. Msimu mzima nilikuwa nakitema kwenye ndoo bila kujua jina lake, na jina lake lilikuwa liko mbele yangu kwenye bakuli.

"Bibi," nikasema, "usipa wenu mnawaanika juu ya nini?"

Akanipeleka nyuma ya nyumba, amefurahi kwamba mgeni amepata hamu. Vichanja vya miti, na juu yake nyavu za matundu madogo, zile za kuvulia usipa zikishachoka. "Hizi ni imara," akasema akizipigapiga. "Maji hayakai, upepo unapita chini. Mbona hata Devota nilimpa! Walikuwa wanaanika kahawa yao kwenye mikeka inayooza kila siku, waya wa matundu wanao wa vichanja viwili tu. Nikamwambia mwanangu, mimi sina ng'ombe wa kukupa, lakini nyavu ninazo. Nikamfungia mzigo mzima, zimechakaa kidogo lakini nzima. Nimeziosha kwa mikono yangu."

Alikuwa anatabasamu. Sijawahi kuona mtu anajivunia kitu namna ile. Na mimi niliyekuwa na jibu lililotafutwa na ofisi nzima, nikatamani nisingelijua.

Nikajifanya nazikagua nyavu. Lakini Bibi Skola hakuwa mtoto. "Uso umekubadilika," akasema. "Sema."

Nikasema. Nikamweleza kwamba kahawa inavuta harufu kuliko nguo, kwamba unaweza kuosha wavu mpaka uchoke na bado unabaki na ziwa ndani yake, kwamba kahawa ya mwanawe imeanguka mara mbili na Jumatatu ni mwisho. Sikupamba. Machozi yalinilengalenga nikamwomba radhi, kana kwamba ni mimi niliyezifunga zile nyavu.

Hakulia. Alikishika kichanja kwa mikono miwili. Kisha akauliza, "Ile iliyokauka kwenye waya, hiyo nayo imeharibika?"

"Hiyo nadhani ni safi, kama hawajaichanganya."

"Basi alfajiri tunapanda."

Jirani yake akashtuka. "Mama Devota, kesho ni Askofu!"

"Askofu atarudi mwaka mwingine."

"Na ukweni utakwendaje? Wamekuita?"

Hapo akasita kidogo. Naelewa sasa kuliko nilivyoelewa siku ile. Kwao mama wa binti haingii ukweni hivihivi. Anaitwa, anaandaliwa, anapokelewa kwa heshima zake. Bibi Skola hakuwa amekanyaga Kingerikiti tangu Devota aolewe, kwa sababu kila mwaka kulikuwa na sababu ya kutomwita, na yeye hakuwa mtu wa kujipeleka. Akafunga kitenge chake vizuri. "Hawajaniita," akasema. "Watanisamehe au hawatanisamehe."

Kwa hiyo safari yangu ya peke yangu ikarudi na mtu. Tulipanda gari la kwanza lililopandisha, tukashuka njia panda, pikipiki zikatumalizia mlima. Joto la ziwa likabaki chini, baridi ikatupokea, na Bibi Skola akajikunyata, akaniuliza, "Hawa watu wanaishije kwenye jokofu?"

Devota alikuwa uani na wenzake wanachambua kahawa. Alipomwona mama yake akaangusha ungo. Wakwe wakatoka ndani, mkubwa wa nyumba, baba mkwe wa Devota, akaanza kutafuta kiti na koti kwa wakati mmoja. Bibi Skola akawaamkia wote, akamwomba radhi mzee wa nyumba kwa kuja bila kuitwa. Hakukaa. Akaomba kisu.

Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye vichanja. Akaimwaga kahawa ya kichanja cha kwanza kwenye mkeka, akaanza kukata nyavu. Devota akamkimbilia. "Mama! Mama unafanya nini, hizo si ndizo ulizonipa?"

"Ndizo. Zina samaki ndani. Muulize huyu."

Nikaeleza tena, safari hii mbele ya kikundi kizima. Wanawake wakazishika nyavu wakazinusa, wakatazamana. Hawakunusa kitu, wamezizoea. Devota akaanza kulia, akamshika mama yake mkono wenye kisu. "Ziache mama. Tutaanikia maharage. Ziache tu."

"Nikiziacha utazihurumia," Bibi Skola akasema, "na msimu ujao mvua ikiwabana mtazitandika tena kwa sababu ni za mama. Zawadi ikimuumiza mtoto, aliyeitoa ndiye anaiondoa. Niachie mkono."

Devota akamwachia. Bibi Skola akaendelea kuzikata, moja baada ya nyingine, akizikunja vizuri. Mzee wa nyumba, ambaye siku zote aliongoza kicheko cha kahawa ya mbuzi, akaleta kisu cha pili, akaenda upande wa pili wa kichanja akaanza kukata naye. Walipozimaliza, Bibi Skola akazifunga mzigo.

Mchana wote tulitenganisha. Iliyokwisha changanywa haikuwa na dawa. Lakini kahawa ya vichanja vya waya ya mavuno ya mwisho ilikuwa bado iko peke yake kwenye magunia kando ya ukuta, na hiyo ndiyo tuliyoifungia sampuli.

Jumatatu nikafika ofisini nikanywa maji, nikanawa mdomo, nikajaribu kikombe cha mazoezi. Usipa mtupu. Nikamfuata Mzee Bakari kabla hajavaa aproni. "Mzee, leo sionji. Nimekula samaki."

Akanitazama kama nimemwambia nimeua. Nikamweleza yote, nyavu, waya, samaki, Bibi Skola na kisu chake. Alisikiliza, na nilipofika kwenye ladha akafumba macho, akagonga kijiko mara moja mezani. "Dagaa," akasema kwa sauti ndogo. "Astaghfirullah. Dagaa. Mimi nimekua nao." Kisha akafungua macho. "Toka nje. Na usinipumulie."

Nilikaa nje kwenye ngazi na Devota. Mlango umefungwa, lakini kufyonza kwa Mzee Bakari kulisikika mpaka barabarani. Anafyonza, anatema. Kimya. Anafyonza, anatema. Devota alikuwa ameshika rozari lakini hasali, anaizungusha tu kidoleni. Akaniuliza, "Akirudia kikombe ni vizuri au vibaya?" Nikamwambia inategemea. Ukweli ni kwamba sikuwa najua. Nilikuwa naogopa kuliko yeye.

Mlango ukafunguka. Mzee Bakari akasimama pale na kijiko. "Ile ya waya," akasema, "ina ndimu, ina asali, na ukishatema haibaki na kitu ila hamu. Hiyo itauzwa kwa jina la Kingerikiti. Ile nyingine," akatikisa kichwa, "inakwenda kwenye mchanganyiko, siwezi kuwadanganya. Msimu ujao tafuteni waya." Devota akakaa chini palepale kwenye vumbi, akacheka huku analia. Mzee Bakari akarudi ndani haraka, hakupenda uso wake uonekane umelainika.

Waya walipata. Mzee wa nyumba aliuza mbuzi wawili, akatangaza mwenyewe kanisani ni kwa ajili gani.

Tangu hapo viazi sikubeba tena. Nilijipangia mwenyewe: Jumamosi nakula kilichopo, na kama Jumatatu kuna vikombe vikubwa, naenda wiki nyingine. Safiri peke yako, mjukuu wangu, ni rahisi na unaona mengi, lakini usile peke yako. Nilikuwa natazama ziwa kutoka chini ya ukuta wa kanisa na sikujua hata watu wanakula nini.

Wiki chache baadaye nikashuka tena kwa Bibi Skola. Mara hii nilibeba kahawa ya Devota niliyoikaanga mwenyewe, nikaipika kwenye sufuria yake, nikamchujia kikombe. Kumbe katika maisha yake yote hakuwa ameionja. Ziwani wao ni watu wa chai. Akakinusa, akapuliza, akanywa funda moja, uso wote ukajikunja. "Chungu!" akasema. "Ndiyo hii? Ndiyo hii inayomvunja mwanangu mgongo? Ndiyo hii niliyoikatia nyavu zangu?"

"Ndiyo hii, bibi."

Akanywa tena, polepole, akitazama upande wa milima. Akanywa mpaka chini, mpaka kwenye machicha, kisha akaninyooshea kikombe.

"Niongezee," akasema.